Chroot iliyoondoka na terminali za seva: kisa cha karakana moja ya Lubumbashi

Kisa hiki kinatoka katika karakana ndogo ya Lubumbashi, ambako skripti inayojenga mfumo ndani ya chroot (saraka inayogeuzwa kuwa mwanzo wa njia zote za faili kwa programu fulani) iliiondolea seva terminali zake, yaani madirisha ya kuandikia amri. Majina ya watu, ya karakana na ya shule wanazozihudumia yameondolewa, na njia za faili zimebadilishwa. Logi nilizisoma pamoja nao baada ya tukio, kwa ruhusa yao. Ujumbe wa makosa nimeuacha ulivyotokea kwenye skrini, kwa kuwa ndio utakaoutafuta siku yakikukuta.

## Karakana na seva yake

Kazi yao ni kupokea laptopu zilizokwisha kutumika, nyingi zikitoka Ubelgiji na Ufaransa, kuzifuta, na kuzijaza mfumo wa Debian (aina ya Linux) wenye vitabu vya shule visivyohitaji intaneti. Mega za intaneti ni ghali, kwa hiyo kila pakiti inapakuliwa mara moja tu na kuhifadhiwa kwenye seva ya hapo hapo kwa apt-cacher-ng. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyokaa juu ya UPS, ikiendesha Debian 12 na kerneli (kiini cha mfumo) 6.1. Mashine hiyo hiyo ina katalogi ya vitabu inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL, na ndiyo inayojenga imeji ya mfumo. Hakuna mashine ya pili. Diski ya data imesimbwa, na neno la kuifungua wakati wa kuwasha linajulikana na msimamizi peke yake.

Wahusika ni watatu. Msimamizi, ambaye wote pale humwita Yaya. Kijana anayeshughulikia skripti za ujenzi. Na katibu wa ofisi, mama mmoja anayetunza fedha, funguo, na bahasha iliyofungwa yenye neno la siri la `root`, mtumiaji mwenye mamlaka yote kwenye seva. Utaratibu wao ni kwamba bahasha hiyo hufunguliwa naye tu, Yaya akiwa kwenye simu, na neno lenyewe halimfikii mtu wa ujenzi. Utaratibu mzuri, nami sina neno juu yake, ila utaona ulivyoelekeza mambo.

Imeji hujengwa ndani ya chroot. `debootstrap` inaunda saraka yenye Debian ndogo kamili, kisha skripti inaingia humo, inasakinisha pakiti, inapanga lugha na klavie, inatoka na kufunga kila kitu kuwa imeji. Chroot ni jambo la zamani, lilianza na Unix toleo la 7 mwaka 1979, na linachofanya ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: linabadilisha mahali njia za faili zinapoanzia kwa mchakato husika, basi. Michakato, mtandao na mipachiko ya mifumo ya faili (mfumo wa faili kuunganishwa na saraka fulani kwa amri ya `mount`) vinabaki vilevile vya mwenyeji, yaani seva. Ukipachika kitu ukiwa kwenye chroot, umekipachika kwenye seva.

## Onyo lililozoeleka

Kwa muda mrefu logi za ujenzi zilikuwa na mstari huu kila `apt`, programu ya Debian ya kusakinisha pakiti, ilipofanya kazi:

```
E: Can not write log (Is /dev/pts mounted?) - posix_openpt (19: No such device)
```

Hakuna aliyeujali. Ingawa mstari unaanza na `E`, `apt` inaendelea kusakinisha hadi mwisho. Kinachopotea ni faili moja tu, `/var/log/apt/term.log`, ambamo `apt` hunakili yale ambayo `dpkg` ingeyaandika kwenye skrini. Ili kuyanakili inaomba terminali bandia (pty, terminali ya kiprogramu isiyo na skrini wala klavie yake), na humo ndani ya chroot haipewi.

Tuangalie kwa nini haipewi. Programu inayotaka terminali bandia hufungua `/dev/ptmx`, nodi ya kifaa yenye namba 5 na 2. Kerneli ikiona hivyo hutafuta saraka iitwayo `pts` palepale kando ya nodi hiyo, na kuhakikisha kwamba imepachikwa mfumo wa faili wa aina ya devpts. Ikiridhika, inazalisha faili yenye namba humo, `/dev/pts/0`, `/dev/pts/1` na kuendelea. Namba iliyo ndani ya mabano ya ujumbe wa hapo juu inasema mengi kuliko maneno yake. Katika mfumo kama huu, 2 maana yake kuna njia isiyokuwepo kabisa: aidha `ptmx` haipo, aidha saraka ya `pts` haipo. 19 maana yake nodi ipo, saraka ipo, lakini saraka ni tupu tu, hakuna devpts juu yake. `debootstrap` huunda nodi na saraka, ila haipachiki kitu. Hivyo 19 ndiyo hasa ungetarajia, na jibu lake ni mpachiko mmoja.

Siku walipoongeza programu yao ya Python, onyo likawa kosa. Programu hiyo ina majaribio yanayofungua terminali bandia, na majaribio yalianguka kwa maneno haya:

```
OSError: out of pty devices
```

Hapa kijana alifanya jambo la busara. Ujumbe unadai terminali zimekwisha, naye akaenda kuhesabu. `/proc/sys/kernel/pty/max` ilisema 4096, na `/proc/sys/kernel/pty/nr` ilionyesha zinazotumika ni chache mno. Basi ujumbe unadanganya. Ukifungua moduli ya `pty` ya Python utaona udanganyifu unavyotokea: ikishindwa njia ya kawaida, inarudi kwenye mtindo wa kale wa BSD, inajaribu majina kama `/dev/ptyp0` moja baada ya jingine, hakuna hata moja, mwishoni inahitimisha kwamba vifaa vimekwisha. Sababu halisi, ile ya 19, imemezwa njiani.

## Marekebisho ya mstari mmoja

Skripti yao ilikuwa inapachika `proc` na `sysfs` tu. Kijana akapata mwongozo wa zamani ulioshauri kuifungamanisha `/dev` ya mwenyeji:

```
mount --bind /dev "$R/dev"
```

Haikusaidia, 19 ikabaki palepale. `--bind` huleta mfumo wa faili mmoja tu. `/dev/pts` ni mpachiko mwingine uliokaa juu ya `/dev`, nao haukuja. Ndani ya chroot `pts` ikawa bado saraka tupu. Akaongeza herufi moja:

```
mount --rbind /dev "$R/dev"
```

Sasa ikaja `/dev` na vyote vilivyo juu yake: `pts`, `shm`, `mqueue`, `hugepages`. Ujenzi ukapita, `term.log` ikaandikwa, majaribio ya Python yakafaulu yote. Mtu yeyote angesema tatizo limekwisha.

Lilibaki la kusafisha. Mwishoni skripti ilitakiwa ivipachue vyote, na `umount -R "$R/dev"` ikawa inalalamika: `target is busy`. Kijana akatafuta ni mchakato gani umeshikilia chroot, akatumia `fuser`, hakuona hata mmoja wa ndani ya chroot. Ikawa kama mzuka. Kwa kuwa hakukuwa na anayeitumia, akaona hakuna ubaya kuongeza `-l`, ile ya kupachua kwa uvivu, inayoondoa mpachiko kwenye mti mara moja na kuacha usafi wa ndani ufanyike watumiaji wakimaliza.

Herufi hiyo ndiyo iliyoangusha seva, na inafaa nieleze polepole, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Mpachiko katika Linux una sifa ya uenezaji. Chaguo la kerneli lenyewe ni mpachiko wa faragha, lakini systemd, programu inayoanzisha huduma zote za mfumo, wakati wa kuwasha huifanya mipachiko yote kuwa shirikishi. Ukifungamanisha mpachiko shirikishi mahali pengine, nakala na asili zinakuwa wanachama wa kundi moja. Kinachopachikwa juu ya mmoja kinatokea juu ya mwenzake. Na kinachopachuliwa juu ya mmoja kinapachuliwa juu ya mwenzake pia. `$R/dev` na `/dev` zilikuwa kundi moja. Kupachua `$R/dev/pts` kulikuwa ni kuomba `/dev/pts` ya seva iondoke.

Kerneli ilikuwa inakataa kwa sababu hiyo hasa. Ule "ushughulikaji" aliokuwa anautafuta ndani ya chroot ulikuwa nje yake: ni yeye mwenyewe, dirisha lake la ssh (njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao), terminali iliyokuwa wazi kwenye `/dev/pts` ya mwenyeji. `target is busy` ilikuwa kinga. `-l` inamwambia kerneli asijali aliye ndani.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya kuazima iliporudishwa ilimvua na mwenyewe.

## Asubuhi ya tukio

Yaya alikuwa Kolwezi, anafunga laptopu katika shule moja. Kijana aliendesha skripti mpya kwa ssh kutoka chumba cha pili. Ujenzi ukaisha salama, skripti ikaaga bila neno la kosa. Akafungua dirisha la pili ili anakili imeji, akapata hili:

```
PTY allocation request failed on channel 0
```

Chini yake, hakuna kitu. Hakuna alama ya kusubiri amri, kishale kinapepesa tu. Aliandika `ls` kwa kukata tamaa na orodha ya faili ikatokea. Hili huwachanganya watu: muunganisho unafanya kazi, utambulisho umepita, ganda limeanza, kinachokosekana ni terminali tu. Mradi hukuomba terminali kwa lazima kwa `ssh -t`, OpenSSH inaendelea bila hiyo.

Kwenye dirisha la kwanza, lililokuwa bado hai, akajaribu `sudo`:

```
sudo: unable to allocate pty: No such device
```

`sudoers` yao ina `Defaults use_pty`, yaani kila amri ya `sudo` huendeshwa ndani ya terminali bandia mpya. Ni kinga nzuri kwa siku za kawaida. Siku hiyo ilimaanisha kwamba mlango wa kawaida wa kupata nguvu za `root` umefungwa na kitu kilekile kilichohitaji kutengenezwa.

Akaangalia `ls /dev/pts`: tupu. `findmnt /dev/pts`: kimya. Dirisha lake la kwanza liliendelea kuishi kwa sababu ganda lake lilikwisha kufungua terminali zamani, na faili iliyofunguliwa haifi kwa kuondolewa kwenye mti. Alipouliza `tty`, mfumo haukuweza kumtajia jina la terminali aliyokuwa akiandikia.

Kisha akafanya kile ambacho mkono hufanya wenyewe: akatoka ili aingie upya. Dirisha pekee lililokuwa na terminali halali likafungwa.

Akampigia Yaya. Yaya akajaribu kutoka Kolwezi, jibu lilelile.

## Kuwasha upya au kupachika

Njia rahisi kuliko zote ilikuwa kuwasha seva upya. Systemd ingepachika `/dev/pts` mwanzoni kabisa na mambo yangerudi. Yaya alikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Diski ya data ingesubiri neno la kuifungua, ambalo yeye peke yake analo. Kulitamka kwa simu mbele ya ofisi hakutaka, na diski isipofunguka, katalogi na ghala la pakiti vingelala mpaka arudi. Ghala lilikuwa linatumika saa hiyo hiyo: wanafunzi wa mafunzo walikuwa wanasakinisha laptopu katika chumba cha mbele. Kwa kuwa huduma zote hizo zilikuwa zinaendelea bila kuhitaji terminali, kuizima mashine kungeongeza madhara ambayo bado hayakuwepo.

Njia ya pili ilikuwa kuingia kwa `ssh -T`, bila kuomba terminali, na kuita `su`, amri ya kugeuka `root`. `su` ya Debian ya sasa haihitaji terminali mpya. Ingesoma neno la siri moja kwa moja kwenye muunganisho. Kasoro ni kwamba neno lingeonekana wazi kwenye skrini herufi kwa herufi, na Yaya alikuwa amekaa darasani kati ya walimu, tena laini yake ilikuwa inakatika. Mimi ningeomba radhi, nikatoka nje na laptopu, nikaitumia njia hiyo. Ingewaokoa na yaliyofuata.

Wakachagua ya tatu, yaani skrini na klavie zilizounganishwa na seva yenyewe. Hapo unaingilia `tty1`, konsoli ya kerneli yenyewe isiyotegemea devpts hata kidogo. Lakini lazima uingie kama `root` moja kwa moja, maana `sudo` ingegoma hapo pia. Bahasha ikafunguliwa, na aliyekaa mbele ya klavie, kwa utaratibu wao, ni katibu.

Klavie ilikuwa AZERTY ya Kifaransa. Konsoli ya seva, tangu siku iliposakinishwa, ilikuwa imepangwa kwa mpangilio wa Kimarekani. Hakuna aliyewahi kugundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika chochote pale. Kila mtu alipitia ssh, na huko mpangilio ni wa laptopu yako.

Neno la siri likakataliwa. Likakataliwa tena. Kwenye `tty1` neno la siri halionyeshwi, kwa hiyo hukuwa na njia ya kuona kwamba `a` inaandika `q`. Kijana ndiye aliyeshtuka: alimwomba Mama aandike herufi chache mahali pa jina la mtumiaji, pale ambapo zinaonekana, na ikaonekana kila kitu kimehama. Akachora mpangilio wa Kimarekani kwenye karatasi, akamwekea, akageuka akaangalia ukuta. Mama akatafuta herufi moja moja, akaingia.

Amri ikabaki:

```
mount -t devpts devpts /dev/pts -o gid=5,mode=620
```

"Mama, ya kwanza ni m, lakini usifinye m. Finya koma."

"Koma? Ili itoke m?"

"Ndiyo, Mama. Mashine inafikiri klavie ni ya Kimarekani."

Mkwaju ulikuwa kwenye alama ya mshangao. Namba tano ilikuwa kwenye mabano, bila kushikilia shift. Kistari kilikuwa mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu klavie ya AZERTY ina kistari kilichochapwa juu yake, kwenye kitufe cha sita, na macho yanakwenda huko yenyewe. Mama akakifinya, ikaandikwa `mount 6t`. Kistari cha kweli kilikuwa kitufe cha kulia mwa sifuri, kile chenye mabano ya kufunga. Walipofika kwenye `mode`, Mama alifinya koma kabla hajaambiwa.

Amri ilirudi bila kusema kitu. Kijana akafungua ssh, akapata terminali, `pts/0`.

## Nusu iliyosahauliwa

Kesho yake walimu wa shule moja wakalalamika kwamba katalogi inatafuta vitabu vizuri mara nyingine, na mara nyingine inarudisha kosa. Utafutaji mwepesi ulifanya kazi. Ule mzito ulianguka. Kwenye logi ya PostgreSQL kulikuwa na malalamiko ya `could not open shared memory segment`, yakimalizikia na `Permission denied`.

Wakaanza kuishuku hifadhidata, wakaangalia ruhusa za saraka zake, wakataka hata kuirudisha kutoka kwenye nakala. Kumbe ni jeraha lilelile. `--rbind` ilikuwa imebeba `/dev/shm` pia, na `-l` iliondoka nayo. Palipobaki ni saraka tupu ya kawaida ndani ya `/dev`, mali ya `root`, ambayo mtumiaji `postgres` hawezi kuandika. PostgreSQL huihitaji pale inapogawa swali moja kwa wafanyakazi kadhaa. Swali dogo halifiki huko, ndiyo maana lilipita. `findmnt -R /dev` ilionyesha `/dev` na `pts` mpya tu. Wakarudisha:

```
mount -t tmpfs tmpfs /dev/shm -o mode=1777,nosuid,nodev
systemctl start dev-mqueue.mount dev-hugepages.mount
```

Mbili za mwisho zina yuniti zake kwa systemd. `pts` na `shm` hazina. Systemd huzipachika yenyewe inapoamka, na zikiondoka katikati ya safari hakuna anayezirudisha.

## Skripti ilivyo sasa

Tulikaa nayo pamoja na kuiandika upya. Sehemu ya mipachiko ni hii:

```
# inaitwa hivi: unshare --mount --propagation private ./jenga-ndani
mount -t proc   proc   "$R/proc"
mount -t sysfs  sysfs  "$R/sys"
mount -t devpts devpts "$R/dev/pts" -o gid=5,mode=620,ptmxmode=666
mount -t tmpfs  tmpfs  "$R/dev/shm" -o mode=1777,nosuid,nodev
chroot "$R" /ujenzi/anza
```

`/dev` ya mwenyeji haiguswi. Nodi chache ambazo ujenzi unahitaji, yaani `null`, `zero`, `full`, `random`, `urandom`, `tty` na `ptmx`, zilikwisha kuundwa na `debootstrap`. Devpts ni ya chroot yenyewe, na namba zake zinaanza sifuri bila kuhusiana na za seva. `gid=5` ni kundi la `tty` katika Debian. `ptmxmode=666` inahitajika pale ambapo `ptmx` ya chroot ni kiungo kinachoelekea `pts/ptmx`, kama `debootstrap` inavyofanya ikikatazwa kuunda nodi, kwa sababu bila chaguo hilo `pts/ptmx` huzaliwa na ruhusa 000.

Na hakuna `umount` hata moja. `unshare` imeipa skripti eneo lake la mipachiko. Mchakato wa mwisho ukifa, eneo linakufa nalo, hata kama umeme umekatika katikati au mtu amebonyeza Ctrl-C.

Jambo moja lilijitokeza kwenye majaribio. Ukiingia kwa mkono katika chroot ya namna hii, terminali unayoandikia ni ya mwenyeji, na devpts ya humo haiijui. `tty` inashindwa kuitaja, `screen` inagoma, na `gpg` ikitaka kukuuliza neno la siri inapotea. Kwa kazi za mkono wanaita `script -qc bash /dev/null` wakishaingia, nayo inaomba terminali mpya kutoka devpts ya ndani. Ujenzi wa kawaida hauulizi mtu kitu: `DEBIAN_FRONTEND=noninteractive` imewekwa, na jibu la klavie linatolewa mapema kwa `debconf-set-selections`, faili moja kwa laptopu zenye AZERTY ya Ufaransa na nyingine kwa zile za Ubelgiji, ambazo alama zake hazifanani.

## Uchambuzi

Mwongozo wa zamani haukuwa wa kijinga, na hili ndilo linalonisumbua zaidi katika kisa hiki. Kabla ya kerneli 4.7 ya mwaka 2016, ukipachika devpts mara ya pili bila chaguo la `newinstance`, hukupata devpts mpya bali ileile ya mwenyeji. Tena chaguo ulizoandika, au ulizosahau kuandika, zilibadilisha ya mwenyeji: ukisahau `gid=5`, terminali za seva nzima zilipoteza kundi lao na programu zikaanza kukataa kufunguka. Waliosema "fungamanisha, usipachike upya" walikuwa wanakukinga. Tangu 4.7 kila mpachiko wa devpts unajitegemea, na ushauri ule umebaki bila sababu yake, ukiendelea kunakiliwa kutoka skripti hadi skripti. Upande wa pili, systemd ilipoifanya mipachiko kuwa shirikishi, iliugeuza ushauri uleule kuwa hatari. Mwongozo hauna tarehe ya kerneli, nawe hujui unasoma wa zama zipi.

Kuna wanaosema ingetosha kuongeza `mount --make-rslave "$R/dev"` mara baada ya `--rbind`. Ni kweli, ingezuia kilichotokea: upachuaji usingepanda kurudi kwa mwenyeji. Sikuipendekeza kwao kwa sababu mbili. Skripti za pakiti huendeshwa kama `root` ndani ya chroot, na `/dev` ikiwa ya mwenyeji zinaona terminali za watu walioingia kwenye seva na diski zake pia. Ya pili ni `rm -rf`. Siku ujenzi ukikatika kabla ya kupachua, mtu atafuta saraka ya chroot ili aanze upya, na atakuwa anafuta nodi za seva. Sasa wanafuta kwa `rm -rf --one-file-system`, ingawa katika mpango wa sasa hakuna cha kuvuka.

Kilichofanya kazi vizuri ni uamuzi wa kutokuwasha upya, na ile tabia ya kijana ya kuhesabu kabla ya kuamini ujumbe. Kilichoshindwa ni kuchukulia `target is busy` kama kero. Swali la "nani ameishikilia?" liliulizwa, lakini kwa upande mmoja tu wa ukuta. `findmnt -o TARGET,PROPAGATION -R /dev` ingeonyesha `shared` kwenye kila mstari, na hapo mtu angejiuliza inashirikiwa na nani. Amri hiyo sasa inaendeshwa kabla na baada ya kila ujenzi, na matokeo yakitofautiana skripti inapiga kelele. Ingekuwepo siku ile, `/dev/shm` isingesubiri walimu walalamike.

Kuhusu `use_pty`, walitaka kuiondoa. Niliwashauri waiache, kwa kuwa inazuia programu iliyoendeshwa kwa `sudo` isiingize maandishi kwenye terminali ya aliyeiita. Badala yake wameweka mlango mdogo wa dharura: ufunguo wa ssh wa `root` uliofungwa kwa `restrict` na `command=` kwenye `authorized_keys`, huku `PermitRootLogin` ikiwa `forced-commands-only`. Ufunguo huo unaendesha skripti moja tu, inayokagua mipachiko minne ya `/dev` na kurudisha inayokosekana, na hauhitaji terminali. Yaya anao, na kijana anao. Konsoli nayo imewekewa `XKBLAYOUT="fr"` katika `/etc/default/keyboard`, na wamejaribu kuingia pale kwa mkono baada ya `setupcon`, neno la siri la `root` likiwa limebadilishwa.